Karatasi Nyekundu ya Mama Ouyang

Fundi Qiu alikuwa hoi. Tangu sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina iishe, kibanda chake cha kutengeneza droni mjini Shenzhen hakikukauka wateja, na sasa Mzee Ouyang alimtupia droni mezani.

"Fundi, hili dude limerogwa! Nikibonyeza lirudi, linaganda hewani, eti kuna kizuizi mbele. Mbele hakuna hata nzi! Mpaka chaji ikaisha, likatua juu ya banda la bata wa jirani."

Qiu aliigeuza. Macho yote mawili ya mbele, yale yanayotambua vizuizi, yalikuwa yamefunikwa na karatasi nyekundu ya baraka, ile inayobandikwa milangoni kila Mwaka Mpya. Ilikuwa droni ya sita kuletwa hivyo wiki ile.

"Nani kabandika?"

"Mke wangu, ili lirudi salama. Kabandika mpaka friji."

"Mzee, mmelifumba macho halafu mnataka lione njia?"

Qiu aliibandua karatasi, akafuta gundi, akairusha droni uchochoroni. Ilirudi yenyewe, ikatua miguuni pake.

"Basi karatasi ibandike tumboni," mzee akasihi. "Nyumbani nitasema nini?"

"Tumboni kuna macho ya kuonea pa kutua."

"Mgongoni je?"

"Mgongoni ndipo inapotolea joto, itaungua!"

Qiu akashusha pumzi, akaibandika kwenye sanduku la kubebea droni.

Kesho yake mzee alipiga simu akicheka. "Limerudi lenyewe, fundi! Mke wangu anasema karatasi ya mwaka huu ni kiboko. Anakuletea na wewe moja, ikutoe huo uchovu."