Vitone Chini ya Majina

Nyumbani walimwita Kamusi, na yeye hakulikataa jina hilo. Alikuwa amesahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa, katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na tisa. Kisomo chake chote, ukiacha madarasa manne ya utotoni, alikipata shule ya jioni akiwa mtu mzima mwenye ndevu, amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao. Kisomo cha namna hiyo mtu hukivaa kama koti jipya: hata jua likiwaka, havui.

Mkewe hakusoma. Alikuwa fundi cherehani mwenye jicho la kupima kiuno cha mtu akiwa bado mlangoni, lakini herufi kwake zilikuwa kama sisimizi tu juu ya karatasi. Kamusi hakuwahi kumcheka. Ila wageni wakija na mazungumzo yakielekea vitabuni, alikuwa na mazoea ya kumwambia kwa upole, "Mama, hebu katazame chai." Naye alikwenda, hata chai ikiwa imekwisha kunywewa.

Mjukuu wao, binti mwalimu wa chekechea, ndiye aliyeleta maelfi ndani ya nyumba ile. Alikuwa ameandika hadithi ya watoto kuhusu hao maelfi, watu wa msituni wa kubuni, wembamba, wasiozeeka, wenye masikio yaliyochongoka kama ncha ya jani. Kamusi alifungua kamusi, akakuta elfu ya kuhesabia tu, akaifunga. Hata hivyo kiwanda chake cha zamani kilipokubali kuichapa hadithi ile, alijisifu mtaa mzima. Prufu zilipotoka, binti akamletea.

"Makosa ya herufi tu, babu," alimwambia. "Mengine yaache."

"Unamfundisha samaki kuogelea, mchumba?" Kamusi alijibu, na bibi akacheka kutoka kwenye cherehani, akasema mke mwenza wake huyo amemkuta mzee hana meno tena, aje amchukue.

Sasa, Kamusi alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Msahihishaji anayefuata hadithi hupotea nayo, akaacha makosa yakipita mbele ya macho yake kama wageni wenye kadi za mwaliko. Kwa hiyo alisoma kila mstari kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja, kama achambuaye mchele. Hivyo ndivyo alivyokutana na majina. Liyowela. Humaye. Nolimaa. Wemuyele. Aliyatafuta katika kamusi tatu. Hayakuwa na mzizi wala ukoo. Akamwonea mjukuu wake huruma: mtoto ametunga majina kwa kutupa herufi hewani na kuokota zilizoanguka. Kwa wino mwekundu akayakata yote, ukurasa hadi ukurasa, na juu ya kila moja akaandika jina lenye maana: Taadhima, Busara, Uadilifu, Istiara. La mwisho, Wemuyele, lilimkera zaidi. Alilipiga mistari ya kukingama mpaka likazama. Kisha akazipeleka prufu kiwandani mwenyewe, bila kumwonyesha mwenye hadithi. Alitaka iwe zawadi.

Nakala ya majaribio ilifika Jumamosi, na binti akaja nayo alasiri, bado iko ndani ya bahasha. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Kamusi alilishangaa gauni hilo, lakini hakuuliza. Hakujua kwamba mjukuu alikuwa amemnong'oneza bibi yake, wiki nyingi nyuma, kuwa ndani ya kitabu kuna kitu chake.

Binti akaanza kusoma kwa sauti. Mstari wa pili akakwama, akautazama ukurasa, akaendelea. Kamusi alitabasamu peke yake. Hata walipofika mahali elfi mmoja anamwita mwenzake, "Taadhima, kimbia, daraja linakatika!", bado alitabasamu, ingawa sikio lake lilimwambia kwamba mtu anayekimbizwa hawezi kuitwa hivyo, daraja lingekwisha kukatika kabla jina halijafika.

Ukawadia ukurasa wa kumi na moja. Sauti ya binti ikashuka. Alisoma kwamba mama mkuu wa maelfi hakujua kuandika, bali aliwashona watoto wake kwa majani na umande, na kila mtoto akampa jina la kiimbo kilichomtoka kinywani alipokuwa akimshona. Alipotunga uzi kwenye sindano, aliimba, "Taadhima." Uzi ulipokatika akaanza upya, aliimba, "Busara."

Hapo akakifunga kitabu.

Hakumlaumu mtu. Aliwaeleza tu, akimtazama bibi yake, kwamba alipokuwa mdogo alilala chini ya meza ya cherehani na kuvisikia viimbo visivyo na maneno, na kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Liyowela kilikuwa cha kutunga uzi. Ndiyo maana alimpa elfi anayejua kupenya njia nyembamba. Humaye kilikuwa cha uzi uliokatika, akapewa yule anayerudi baada ya kupotea. Wemuyele kilisikika mtoto akiwa na homa tu, bibi akishona kando ya kitanda, na huyo katika hadithi ndiye mponyaji.

Miaka arobaini na miwili ya ndoa Kamusi alikuwa amelala, amekula na amesoma magazeti yake ndani ya viimbo hivyo.

"Babu," binti alisema, "uliisoma kweli?"

"Kila neno."

"Maneno, sawa. Hadithi je?"

Bibi alikuwa akilinyoosha gauni magotini kwa kiganja, kama anayeondoa vumbi lisiloonekana.

"Majina mazuri," alisema. "Yamesoma."

Kisha akainuka, akasema anakwenda kutazama chai. Hakuna aliyekuwa amemwomba.

Jumapili cherehani ilipiga kazi kama kawaida, lakini bila kiimbo. Kamusi alikaa na gazeti mbele ya uso, asigeuze ukurasa. Ndipo alipokisikia vizuri kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hakikuwepo.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa msimamizi wa kiwanda, mtu ambaye Kamusi mwenyewe alimfundisha kazi, na kumkaripia mara nyingi kwa uzembe. Akamwomba prufu zake. Msimamizi alimweleza kwamba mashine inaanza saa nane mchana, na akauliza kosa ni la nani, la mwandishi au la mpangaji wa herufi.

"Langu," alisema Kamusi. Neno fupi, lakini lilimtoka kama jino.

Msimamizi alifungua droo. "Mganga hajigangi, mwalimu," alisema, akampa bahasha. Aliposema "mwalimu" alitabasamu kidogo, na Kamusi aliona afadhali angecheka.

Katika kazi ile, neno lililokatwa kimakosa hurudishwa kwa vitone vinavyopangwa chini yake, maana yake: liachwe lilivyokuwa. Kamusi alikuwa amewafundisha wengi kuvitia, lakini chini ya mkato wake mwenyewe hakuwahi kutia hata kimoja. Alirudi nyumbani, akakaa mezani hatua tatu kutoka kwenye cherehani, akaanza. Safari hii alisoma kutoka mwanzo kwenda mwisho, kama wasomavyo watu. Kitone, kitone, kitone.

Alipofika kwa mponyaji, hakuona kitu. Wino wake mwekundu ulikuwa umelimeza jina. Alikumbuka linaanza na W, basi. Angeweza kumpigia simu mjukuu wake, na ingekuwa rahisi. Aliishika simu, akairudisha mezani.

"Mama," alisema. "Kile cha homa. Kinaimbwaje?"

Cherehani haikusimama. Bibi alimaliza pindo lote la pazia, akakata uzi kwa meno, akalikunja pazia mara nne. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu. Kamusi alingoja, kalamu hewani.

"Leo huna wageni?" aliuliza bibi.

"Sina. Na wangekuwepo, ningekuuliza mbele yao."

Bibi alimtazama kama anayepima nguo iliyorudishwa kurekebishwa. Halafu, macho yakiwa dirishani, aliimba mara moja, chini kwa chini. Kamusi aliandika pembeni mwa ukurasa herufi kwa herufi, bila kufungua kamusi yoyote, kisha akamsomea alichoandika.

"Siyo," bibi alisema. "Unakikata kama askari. Hapo katikati kivute, mtoto bado anaumwa."

Kamusi akafuta, akaandika tena.