Kikohozi cha Pikapu ya Mseti

...moja au mbili, ananiuliza Masele kwa mara ya pili, amelala chali chini ya pikapu, namwona miguu tu na zile kandambili zilizotobolewa na cheche, moja au mbili bosi, na mimi nimesimama hapa gerejini kwake Mugumu saa tisa mchana, jua linanipiga utosini, nimeshika chupa ya soda iliyokwisha gesi, jambo lenyewe dogo tu, ekzosi, watu wanajibu swali hilo huku wanatafuna karanga, lakini mimi mdomo haufunguki... ukitaka moja, anasema, hili bomba la zamani nalichomelea kiraka, linarudi lilivyokuwa, na mlimani ukiwa na mzigo gari haichoki, ukitaka mbili hili tunalitupa, naweka mapya, moja kulia moja kushoto, gari inapumua vizuri na sauti inakuwa nyingine kabisa, wewe mwenyewe hutaijua... sauti nyingine kabisa, Masele bwana, umetoka Shinyanga kufuata dhahabu ukaishia kuchomelea vyuma, hujui unachokisema, maana hicho ndicho kilichonileta na hicho ndicho kinachonifunga mdomo, bomba lenyewe hilo hapo mchangani karibu na mguu wangu, limekatikia pale pale Mseti alipolifunga kopo la mafuta ya kula kwa waya, alilifunga mwenyewe mdogo wangu, akacheka, akasema kaka, sasa hata nikiwa mbali mama atajua nakuja, na kweli, pikapu ikifika kilima cha shule pale Nyambureti inakohoa mara tatu, kho, kho, kho, halafu inapiga mluzi ikiteremka, na mama, ambaye macho yake yameingia ukungu hata mkono wake hauoni, anatoka nje na kigoda chake, Mseti, mura, kijana wangu, umefika...

...umefika, eh, na ile siku ya kwanza, baada ya shimo la dhahabu kuporomoka na Mseti ndani kule Kerende, wakachimba siku tisa wakawatoa wenzake wote yeye hawakumpata, nikaichukua pikapu yake kuirudisha nyumbani, baba mdogo Ezekiel alikuwa amenituma, mwambie polepole, mshike mkono kwanza, nikafika, ikakohoa mara tatu, mama akatoka, Mseti, mura, umefika, na mimi mpumbavu, mimi Nestory mtu mzima mwenye watoto wanne, nikasema ndiyo mama, nimefika... loo, nilitaka alale siku moja bila kulia, basi, kesho nitamwambia, kesho ikawa kesho kutwa, sasa ni miezi minne, kila jioni naibana sauti yangu iwe nyembamba kama ya marehemu, nakula ugali wa wimbi aliowekewa marehemu, na mama anajua Nestory yuko Mwanza kikazi, ananisema mbele yangu, Nestory hana moyo, hata simu hapigi, kula nyama Mseti, na mimi nameza, inakwama, nameza tena... mchungaji alikuja kumweleza, majirani walikuja, akawafukuza, mnanizushia kifo cha mwanangu naye jana alikuwa hapa anakula, wakaona ni uzee, hawajui kwamba ni mimi, hata baba mdogo hajui, yeye anahangaika na Jumamosi tu, Jumamosi tuzike mgomba, mtu asiyepatikana mwili anakatiwa mgomba, unavishwa shuka, unazikwa kwa jina lake, asipofanyiwa hivyo anazunguka hajui pa kulala, na udongo wa kwanza aurushe mama, na mama amesema hauzikwi mgomba hapa, mnazikaje mtu anayerudi kila jioni... kwa hiyo bomba lilipokatika juzi kwenye mawe nikafurahi, Mungu anisamehe, nikasema nitaweka mbili, kikohozi kitakufa chenyewe, Mseti ataacha kuja, na mimi nitaingia na sauti mpya, shikamoo mama, ni Nestory nimerudi kutoka Mwanza, bila kukiri lolote, woga huo, woga mtupu, lakini ndivyo nilivyopanga, na ningekuwa nimeshajibu kama si ya leo asubuhi...

...leo asubuhi nimefika nyumbani kwa bodaboda, nimemkuta kwenye kigoda, macho yamevimba, nikambania ile sauti, mama, akasema Mseti nimekukosea nini, nikamuuliza kwa nini, akasema jana jioni umekuja, nimekusikia kilimani, umekohoa mara tatu, umeteremka na mluzi wako, ukasimama pale zizini, gari inanguruma, hukushuka, nimekuita mpaka koo limekauka, ng'ombe wote wakanyamaza, halafu ukageuza ukaondoka, kwa nini huingii ndani mura... na jana jioni pikapu ilikuwa hapa, jamani, hapa hapa juu ya mawe ya Masele, bomba liko chini, nimelala Mugumu, na kwa njia ile hakuna pikapu nyingine yenye kikohozi hicho, nikasema nilikuwa na haraka mama, huo nao uongo, nikarudi huku gerejini... nyamaza, ni nini hicho, hapana, ni grenda ya jirani anayekata vyuma, si grenda, grenda imezimwa, inatoka barabara ya Manchira, mbali, kho, natazama bomba mchangani, liko vilevile, kho, liko vilevile na kopo lake na waya wake, kho... na mluzi, na Masele anatoa kichwa chini ya gari, bosi, kuna mwenzako huko, sauti kama hii yako kabla haijakatika, kisha anarudi chini kana kwamba amesema habari ya mvua, kumbe na yeye amesikia, natazama barabara, vumbi halipandi, hakuna gari, sauti imesimama mahali fulani inanguruma tu, inasubiri, nataka kukimbia, nikimbilie wapi... zizini, kwa nini asimame zizini na mlango wa mama uko wazi, aingie vipi, Nestory, aingie vipi na ndani kuna mtu anayeitika jina lake, anakula ugali wake, anasema nimefika mama kwa sauti yake, ni mimi niliyemwacha nje mdogo wangu, miezi minne yuko nje, nilidhani nikibadilisha bomba nitamfukuza, mjinga mimi, kikohozi ni chake, nimrudishie, mimi nipande kilima cha shule na sauti ambayo mama hajawahi kuisikia, aulize nani wewe, nijibu Nestory, niseme yote, anipige, anilaani akitaka, halafu ikija ile ya kukohoa atoke na kigoda chake amuage mwanawe mwenyewe, na Jumamosi ashike udongo... moja au mbili bosi, mbona hujibu, ya tatu sasa hii, nafungua mdomo, mbili, nasema, mbili Masele, na sauti inayotoka ni nene, inakwaruza, yangu, miezi minne sijaisikia.