Kitovu cha Saadia

Mume aliyenunua ardhi hang'oki tena. Hivyo ndivyo Mwanaesha alivyojiambia siku Awadh alipokunjua hati ya kiwanja cha Mbaraki juu ya kitanda na kumwonyesha mipaka kwa kidole: huku njia, huku shamba la jirani, huku bahari.

"Hadi bahari?" akauliza Mwanaesha.

"Hadi maji yanapoishia."

Miaka ile reli ilikuwa imeshafika bara, na Wazungu walikuwa wakinunua ufuo wa kisiwa kipande kwa kipande. Awadh naye, muuza tende na mikeka wa Kibokoni, aliona asipojikaza hatapata hata pa kuanikia kikoi. Lakini si hilo lililomfurahisha mkewe. Chini ya kitanda kile kulikuwa na sanduku. Awadh alilipanga kabla ya kumwoa, akatia kanzu mbili mpya na kitambaa cha kumpelekea mama yake aliyeko Shihri, kwao Arabuni, na kwa miaka tisa ya ndoa yao hakulipangua. Kila upepo wa kusi ulipoanza na majahazi ya Arabuni yakajiandaa kurudi, alilifungua, akazipunga nguo hewa, akalifunga. Hakusafiri. Wala nguo hakuzitoa.

Na ndani ya kijaluba, kikopo kidogo cha fedha chini ya mto wa Mwanaesha, kulikuwa na pamba yenye kitovu cha Saadia.

Saadia aliishi miezi mitano. Kitovu kilipodondoka siku ya saba, Mwanaesha alitaka kizikwe na mnazi upandwe juu yake, kama alivyofanyiwa yeye na mama yake. Awadh alikataa. "Tukizike wapi? Nyumba ya kupanga hii, ua ni wa watu. Tutakizika kwetu." Mtoto akafa kabla "kwetu" hakujajulikana ni wapi. Kitovu kikabaki.

Ijumaa baada ya sala wakaenda pamoja kukitazama kiwanja. Walipofika walikuta nazi zinaanguka. Mtu alikuwa juu ya mnazi, na chini yake ameketi bibi kizee aliyekiuza kiwanja, Mwanakuu, akichambua makuti.

"Wee! Shuka!" Awadh akapaza sauti. "Nani kakupa ruhusa?"

Mkwezi yule, Kenga, akachungulia kati ya makuti. "Mwenyewe huyo hapo chini. Muulize yeye, mimi mikono yote imeshika mti."

"Masalkheri, Bwana Awadh," akasema Mwanakuu bila kuacha kazi yake. "Karibu shambani kwako."

"Bibi, shamba si umeniuzia?"

"N'mekuuzia."

"Na minazi?"

"Minazi hukuiuliza." Sasa akamtazama, naye kwa kweli alishangaa. "Uliuliza mipaka, uliuliza kisima, ukauliza maji yajaa hadi wapi. Mbele ya mashahidi. Minazi hukuitaja, na mimi nikadhani wajua. Ardhi ni ya aliyeinunua, mti ni wa aliyeupanda. Ndivyo tulivyo hapa."

"Kwetu ukinunua shamba, mtende waja na shamba!"

Kicheko kikashuka kutoka juu. "Mshihiri kanunua sufuria, akadhani na wali umo!"

  Awadh aligeuka, na njia nzima hadi Kibokoni alimtangulia mkewe hatua kumi.

Nyumbani alilivuta sanduku katikati ya chumba.

"Miaka ishirini na miwili, Mwanaesha. Nimekuja sina ndevu, sasa zina mvi. Na bado wakwezi wanicheka. Hata mtoto wa hapa ajua mti si ardhi, mimi sijui. Jumatatu naenda kwa kadhi, bibi yule achukue kiwanja chake. Kusi likianza tutakwenda kwetu, mimi na wewe."

"Na Saadia?"

Awadh akashika kifuniko cha sanduku. "Kitovu chake tutakizika huko, kama nilivyosema."

"Kaburi lake nalo tutalitia sandukuni?"

Hakuwa mwanamke wa kusema maneno kama hayo, na alipoyasema alikaa chini. Awadh naye akakaa, upande wa pili wa sanduku. Hawakugombana. Adhana iliwakuta papo hapo.

Asubuhi Mwanaesha akajitanda leso, akatia kijaluba kifuani, akarudi Mbaraki peke yake. Mwanakuu alikuwa palepale, kana kwamba hakulala kwingine.

"Sabalkheri, bibi."

"Aleikheri, mwanangu. Mumeo yuwapi? Bado kanuna?"

Mwanaesha akamfunulia kijaluba, akamweleza. Hakutaka minazi, alisema. Aliomba mahali chini ya mmoja tu, achimbe kidogo, afukie, kabla yeye hajapandishwa jahazini kupelekwa asikokujua. Angalau kitu kimoja cha mtoto kiwe karibu na mti wenye mtu wa kuutunza.

Mwanakuu alikiangalia kile kipande cha pamba muda mrefu. Kisha akanyanyua kidole. "Ule ulioinama ni Muhdhar, yuko Lamu na wanawe. Ule ni Bimdogo, alikufa na surua. Huyu ninayemwegemea ni Akil, wa mwisho, naye hakufika mwaka. Ndiyo maana sikuiuza. Nani auza wanawe? Ningekukaribisha kwa yeyote kati yao." Akafunika kijaluba, akamrudishia. "Lakini siwezi."

"Kwa nini, bibi?"

"Mnazi wangu, mchanga si wangu tena. Shimo ni la mwenye ardhi. Muombe yeye, yule anayekuja."

Mwanaesha akageuka. Awadh alikuwa akija mbio kutoka njiani, kichwa wazi, hana hata kofia. Alikuwa amekosa mke, akakosa na kijaluba, na hakuhitaji kuambiwa vilikokwenda. Alifika, akasimama, pumzi zinamshinda.

Mwanakuu akainuka. Ilimchukua muda, magoti yake yalikuwa mabovu, lakini aliinuka na kusimama mbele yake kama mtu anayebisha mlango wa wenyewe.

"Bwana Awadh, mwenye shamba. Mkeo ataka shimo la kitovu cha mtoto. Mimi sina amri juu ya mchanga huu. Wamruhusu?"

 Miaka ishirini na miwili Awadh ndiye aliyekuwa akiomba: kushuka bandarini aliomba, kupanga chumba aliomba, hata posa ya Mwanaesha aliipeleka na wazee wa kuazima. Mwanaesha aliyajua yote hayo, akamwona anatazama miguu yake, na mchanga ulio chini ya miguu, kama vile ndiyo kwanza auona.

"Hapa," akasema mwishowe, sauti ndogo. "Si chini ya mti wa mtu. Hapa, pa wazi. Apate mti wake."

Akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Mchanga wa pwani haukai. Kila alichotoa nusu kiliporomoka ndani. Mwanaesha akapiga magoti upande wa pili, akauzuia kwa viganja, mpaka wakafika kwenye ubichi. Wakakiweka kile kipande cha pamba. Mwanakuu akaleta nazi iliyoota, chipukizi lake refu kama kidole, akampa Awadh aiweke mwenyewe.

"Mnazi huzaa baada ya miaka mingapi, bibi?"

"Saba. Ukiumwagilia."

"Saba," Awadh akarudia. Akapangusa uso kwa mkono wa kanzu, mchanga ukabaki shavuni. Kisha akatazama upande wa kisima, akakunja uso. "Na kisima je? Nacho ni chako?"

"Kisima chako," akasema Mwanakuu. "Ndoo ndiyo yangu."

Mwanaesha akacheka. Mumewe akamtazama, maana kicheko kile hakukisikia tangu mtoto alipokuwa hai, kisha akainuka kwenda kumwomba bibi yule ndoo.