Chai ya Mama Annonciata

Daktari wa ng'ombe alipewa kikombe cha maziwa, akakiweka chini ya kiti bila kukionja. Niliona kwa sababu kuosha vikombe ilikuwa kazi yangu. Kwenye shamba la Papa Valens, juu ya vilima vya Masisi, hakuna mgeni aliyewahi kukataa maziwa. Huyu, jina lake Sébastien, alikuwa ametoka zizini kuvuta ndama aliyefia tumboni, wa tatu mwezi ule, na alinawa mikono mara mbili, mara tatu, kwa sabuni aliyoitoa mfukoni mwake mwenyewe.

Nilikuwa mlangoni, nimepiga magoti, napangusa sakafu. Watu huwa hawanioni. Niliacha shule mwaka wa nne wa msingi, tulipokimbia vita, na tangu hapo nikazoea kuongea ndani ya kichwa tu. Kwa hiyo Papa Valens na daktari wakaendelea kuongea. Sébastien alisema ugonjwa ule wa ng'ombe unaingia hata kwa watu, kwa maziwa mabichi na kwa damu ya kuzalisha. Homa inayokwenda na kurudi, viungo kuuma, mimba kutoka. Ugonjwa huo una dawa, alisema, lakini wafanyakazi wakusanywe leo hii, waambiwe.

"Nikisema hivyo, nani tena atanunua fromaji yangu?" Papa Valens, aliyeishi kwa kuuza jibini, alijibu. "Nitawaambia polepole."

Ndipo akaniona. Hakunikemea. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayeomba mlango ufungwe.

"Aurélie, ya humu inabakia humu."

Asubuhi iliyofuata, baada ya kuita majina, kapita Straton, msimamizi wetu, alitangaza kwamba maziwa ya wafanyakazi yamekwisha: si ya kunywa, si ya kupeleka nyumbani. Sababu hakutoa. Alisema patron amesema. Wakamuaji walikuwa wamezoea kunywa povu la kwanza, bado lina joto la ng'ombe, kabla jua halijatoka. Ilikuwa haki yao tangu shamba lilipoanza. Byamungu, mkamuaji wa kwanza, mtu wa kuchekesha wenzake, aliuliza kama ng'ombe ndio waliokwenda kuwashitaki kwa patron. Watu wakacheka. Straton hakucheka. Alisema badala ya maziwa watapata chai saa nne, yenye sukari, na Mama Annonciata ndiye atakayeipika.

Mama Annonciata alikuwa mjane kutoka Pinga. Alifika kwetu miaka miwili kabla, na beseni moja kichwani, akaajiriwa jikoni. Alichemsha sitroneli, yaani mchaichai, katika sufuria nyeusi kubwa, akamjua kila mmoja na sukari yake. Mimi aliniita mwanangu, na hakuwahi kunilazimisha kuongea. Nilikunywa chai yake kila siku. Maziwa sikuyapenda tangu utoto.

Wakamuaji waliipokea ile chai, na maziwa hawakuyaacha. Walikunywa povu kwa kujificha nyuma ya ng'ombe, wakabeba chupa chini ya makoti kupelekea wake na watoto. Kwa nini wasifanye hivyo? Waliona wamenyimwa, hawakujua kwamba kuna cha kuogopa.

Homa zikaanza. Wawili, halafu watano. Jioni walitetemeka, asubuhi shuka zililowa kama zimetoka mtoni. Byamungu magoti yalimvimba hata akawa anashuka kilima kwa makalio, na hapo bado alitania kwamba amerudi kuwa mtoto. Halafu mke wake, mwenye mimba ya miezi sita, akaipoteza. Byamungu alichimba kaburi mwenyewe, dogo, nyuma ya migomba. Hakutania tena.

Alikwenda kwa mganga wa majani. Mganga akamwambia ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo watu wa huku wanasema mtu hulishwa bila kujua. Akamuuliza swali moja: ni kitu gani kipya mulichoanza kunywa ao kula kule kazini?

Byamungu hakuhitaji kufikiri.

Ilikuwa saa nne, jua kali. Mama Annonciata alikuwa amepanga vikombe juu ya benchi mbele ya zizi. Byamungu alichota cha kwanza, akamrudishia.

"Kunywa."

Mama alicheka, akidhani ni mizaha ya Byamungu. Akanywa. Byamungu akachota cha pili. Mama hakumaliza cha tatu. Mmoja alisema mchawi hadhuriki na sumu yake, mwingine akapiga sufuria teke, na chai ya moto ikammwagikia miguuni. Alipiga kelele moja, fupi. Fimbo ya kwanza ilimpata begani. Ya pili sikuona ilikotoka. Wanaume ambao jana walimwomba aongeze sukari walimzunguka kama wanaopura maharagwe, fimbo zikipanda na kushuka, kila mmoja na zamu yake. Damu ilitoka sikioni ikaingia kwenye kitenge. Alikuwa chini sasa, mkono wake mmoja unapapasa matopeni, unatafuta kandambili iliyomtoka.

Mkono ulikuwa bado unatafuta alipoinua kichwa akaniona.

"Aurélie, mwanangu. Weye unakunywaka yangu kila siku, na uko muzima. Uwaambie."

Fimbo zikasimama. Wote wakanigeukia. Hata Byamungu alinitazama, akihema, na naapa kwamba macho yake yalikuwa yakiomba. Maneno yalikuwa mafupi: ni maziwa. Nilikuwa nayo mdomoni, nayaonja. Nikainua macho kwenye dirisha la nyumba ya fromaji, na Papa Valens alikuwa pale, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Uwanja ule mzima, watu wawili tu walijua. Tukatazamana. Nilingoja aseme yeye. Labda yeye aliniogopa mimi.

"Muache mutoto," Straton alisema. "Huyu hana mudomo."

Basi wakanigeuzia mgongo. Mmoja aliinua bidoni ya chuma ya maziwa, tupu, akaishusha juu ya kichwa cha Mama. Mlio wake ulikuwa kama kengele iliyopasuka. Akaishusha tena. Mkono ukaacha kutafuta.

Siku ya tatu Papa Valens alitukusanya sote. Sébastien alikuwepo, na karatasi kubwa yenye picha ya ng'ombe na ya mtu. Papa Valens hakumtuma Straton, alisema mwenyewe, taratibu, kwa Kiswahili chetu. Maziwa yachemshwe. Anayezalisha ng'ombe avae mipira mikononi. Mwenye homa atapata dawa bure, na siku zake za kazi hazitakatwa. Aliuliza kama tumeelewa, akarudia kwa wazee waliokaa nyuma. Alieleza vizuri sana. Hata mimi wa mwaka wa nne, sikubaki na swali.

Byamungu alikuwa nalo. Alisimama kwa shida, akishikilia bega la mwenzake.

"Patron, mulijua tangu lini?"

"Majibu ya damu ya ng'ombe yalifika jana toka laboratware," Papa Valens alisema.

Sébastien alitazama viatu vyake. Byamungu akaketi chini, akaweka mikono katikati ya magoti, akaitazama kama ni ya mtu mwingine.

Sasa niko Kalembe, nalima maharagwe. Byamungu alipona. Sokoni hunisalimia, huniuliza habari za maharagwe yangu, na mimi hujibu kwa kichwa. Nafikiri anapenda kusimama karibu nami kwa sababu sisemi.

Kaka Byamungu, Papa Valens alikudanganya. Toka Sébastien alipomwambia mpaka siku ile ya fimbo zilipita siku thelathini na nane. Nimezihesabu, kwa sababu na mimi nilijua, siku zote hizo.