Mafuta ya Baba Mkwe

Mzee Wahome alifika gereji ya Umoja asubuhi ya Alhamisi, na hata gari halijasimama fundi Mativo alikuwa ameshajua ugonjwa wake. Alisikia gia ya pili ikiingia kwa kelele ya sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Lingekuwa gari la mtu mwingine, angecheka na kusema kazi imejileta. Kwa hili hakucheka.

Maana mzee huyu ndiye baba yake Nyawira, na Jumamosi wazee wa Mativo walikuwa waende kwake Njiru kuanza maneno ya mahari. Mara ya kwanza jina la Mativo lilipotajwa katika nyumba ile, mzee alisema hakulea binti ili ampe fundi wa kando ya barabara. Mama Nyawira akalia, mchungaji akaitwa, na baada ya vikao na chai nyingi mzee akalegea nusu. Nusu iliyobaki alisema ataipima mwenyewe. Angempelekea huyo kijana gari lake aone kazi ya mikono yake.

Na gari lenyewe si la kuchezea. Ni Toyota DX nyeupe aliyoinunua alipostaafu udereva wa lori, naye huipangusa kila siku kabla hajanywa chai. Watoto wa ploti yao wanajua kwamba mpira ukiligonga gari lile, mpira umekwenda.

"Habari yako, mzee," Mativo alisema, akijifuta mikono hata pale pasipo na uchafu.

"Mzuri. Hii gia imeanza kunisumbua. Nataka umwage oili ya zamani, uweke mpya." Mzee aliinama ndani ya gari akatoa mfuko wa kaki. "Na oili nimekuja nayo. Nyinyi mafundi nawajua. Mnaweka ya kwenu ya mtungi, halafu mnaita mpya."

Alitoa chupa mbili za lita moja moja, akaziweka juu ya boneti kwa fahari. Mativo alisoma maandishi mara moja, akayarudia.

Mafuta yalikuwa mazuri, tena ya bei. Ubaya wake ni kwamba hayakuwa ya giaboksi hii. Yaliandikwa GL-5, mafuta makali yaliyotiwa dawa nyingi ili meno makubwa ya chuma yasilane ndani ya difu, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma. Lakini ndani ya giaboksi ya kigari kama hiki mna pete za shaba ya njano. Ndizo zinazoituliza gia kabla haijaingia, na dawa ile huitafuna shaba polepole. Pete za mzee zilikuwa tayari zinalia. Zilitaka mafuta mapole zaidi, ya GL-4. Zikipewa haya ya tano hazingekufa Jumamosi, wala mwezi ujao. Zingekufa taratibu, na kila zikilia mzee angemtaja mkwe aliyezigusa mwisho.

Hapa asiyejua mambo ya ukwe atauliza: si amwambie tu? Ndugu yangu, huyo hajawahi kuposa. Wakamba wana kitu wanachokiita nthoni, na Wakikuyu wanacho hicho hicho, wao husema thoni. Ni ile haya na heshima inayomfunga mtu mbele ya wakwe zake. Humkatizi baba mkwe maneno, humkosoi mbele za watu, na kabla ya mahari hata kumkazia macho ni ujeuri. Mativo alilelewa hivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lake alilihitaji Jumamosi.

Alijaribu kuzunguka. "Mzee, na kama tungejaribu ile ya nne? Kwa gari ndogo huwa..."

"Nne na tano, kubwa ni gani?"

"Ni tano, mzee."

"Basi. Mimi nimeendesha lori mpaka nikazeeka, na ni hii tulikuwa tunaweka. Lori ilibeba saruji kutoka Mombasa na haikulia hata siku moja." Alimtazama Mativo kwa jicho jembamba. "Ama hiyo ya nne unaiuza wewe?"

Kweli Mativo alikuwa nayo kwenye kabati, lita mbili alizomnunulia mteja mwingine. Kusema sasa kungekuwa kukubali kosa ambalo hakulifanya.

Mafundi wengine wanasema mwenye gari Nairobi haachi gari kwa fundi, hukaa nalo kama mtu anayelinda maiti. Mzee Wahome alivuta tairi kuukuu, akaketi juu yake, akaweka kofia gotini na kukodoa macho. Mativo aliliinua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye vyuma imara, akatandika kadibodi na kuingia chini. Gichuru, mwenzake wa gereji, alichutama karibu akijifanya anatafuta spana.

"Buda, weka hiyo oili ya mzee," alinong'ona. "Ikikufa si ni gari yake? Wewe unatafuta bibi, hutafuti giaboksi."

"Itakufa mikononi mwangu."

"Itakufa ukiwa umeshaoa. Hapo itakuwa story ya kuchekea Krismasi tu."

Maneno ya Gichuru yalikuwa na utamu wake, na huo utamu ndio uliomtisha Mativo. Alifungua kwanza bolti ya kujazia iliyo ubavuni, kwa sababu fundi anayemwaga kabla ya kuhakikisha tundu la kujazia linafunguka ni fundi wa kulala njaa. Kisha akafungua ya chini. Mafuta meusi yakashuka kwenye beseni, na ndani yake zikametameta chembe za njano. Shaba ilikuwa imeanza kulika. Hapo hapo angeweza kutoka na beseni, akamwonyesha mzee kwa adabu na kumwachia aamue. Alilisogeza beseni pembeni.

Simu ya mzee ikalia. Alikuwa kaka yake wa Nyeri, akiulizia safari ya Jumamosi, na barabara ya Outer Ring ilikuwa inanguruma kiasi kwamba mzee alianza kupiga kelele. "Alo! Ngoja! Ngoja nisogee!" Akainuka, akaenda upande wa kibanda cha chai akiwa ameziba sikio moja.

Mativo hakukaa kufikiri, na hilo ndilo kosa la watu wema wenye woga: wakishikwa huwa wepesi kuliko wezi. Alitoka chini ya gari, akachukua chupa za mzee na kuzimimina zote kwenye mtungi wa mafuta machafu chini ya benchi. Akachukua lita zake mbili kabatini, akarudi chini, akafunga bolti ya chini, akaanza kujaza kwa bomba la mkono. Kwa haraka yake mafuta yakamchuruzikia mkononi hadi kwenye kiwiko. Chupa tupu za mzee alizipanga wima kando ya tairi, vifuniko vimefungwa, kama kazi iliyokwisha vizuri.

"Msee," Gichuru alisema kwa sauti ya chini, "umejichoma. Akigundua umekwisha."

Mafuta yalikuwa yanaanza kufurika kwenye tundu, ishara kwamba giaboksi imejaa, Mativo alipoona viatu vya mzee vikirudi. Aliishika bolti ya kujazia.

"Usifunge," mzee alisema. "Ngoja nione imefika wapi."

"Imejaa, mzee. Utachafuka."

"Nilichafuka kabla hujazaliwa."

Akavua koti, akalikunja, akalala kwenye kadibodi kwa kuguna, akajiburuta mpaka wakalala bega kwa bega chini ya gari, baba mkwe na mkwe, nyuso zao zikikaribiana kuliko desturi yoyote inavyoruhusu. Mativo aligeuza macho juu kwenye chuma. Mzee aliingiza kidole kwenye tundu, akakitoa kikiwa kimelowa, akakisugua kwa dole gumba. Kisha akakipeleka puani.

Akanusa mara ya pili.

"Hii si yangu," mzee alisema polepole. "Yangu inanuka kama kiberiti. Hiyo harufu nimelala nayo kwa kebini ya lori. Hii yako inanuka kidogo tu. Oili yangu iko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: kwamba harufu hupungua ikichanganyika, kwamba mafuta ya siku hizi si kama ya zamani. Uongo mzuri, wenye adabu. Lakini mtu akiwa amelala chali, na anayedanganywa amelala hapo hapo akimpumulia shavuni, ulimi hukataa.

"Iko kwenye mtungi, mzee. Chini ya benchi."

"Umeniibia?"

"Hapana. Ingekula pete za gia. Ni nzuri, lakini si ya hapa."

"Ulijua saa ngapi?"

"Ulipoitoa kwenye mfuko."

"Na ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nitakupiga?"

"Niliogopa Jumamosi."

Mzee aliikunja midomo. Alipozungumza tena hakupaza sauti, na Mativo angetamani angepaza.

"Kwa hivyo ukaona ni afadhali unidanganye kwa faida yangu. Sasa niambie, kijana. Siku utaona jambo la Nyawira halifai, na unaogopa machozi yake, utafanya hivi? Utamwaga yake, uweke yako, halafu umpangie chupa tupu mlangoni aone kila kitu kiko sawa?"

Mativo aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda na joto mpaka machoni. Aligeuza kichwa kumkwepa mzee, na akaona, kule nyuma, difu ya gari. Difu ya DX inataka GL-5. Inataka mafuta yale yale ya mzee, na haikuwa imebadilishwa mafuta siku nyingi, vumbi lilikuwa limeganda kwenye bolti zake. Angesema asubuhi, "Mzee, haya yako ni ya difu, tuyaweke nyuma, na mbele tutafute ya nne," mzee angeondoka na heshima yake na mafuta yake yakifanya kazi. Ilikuwa sentensi moja. Sasa mafuta yamechanganyika na uchafu wa magari kumi, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Mwaga hiyo yako," mzee alisema. "Nenda kwa duka uninunulie kama yangu, uiweke."

Spana ilikuwa mkononi mwa Mativo, na bolti ya chini iko shubiri moja tu kutoka usoni mwake. Kuigeuza kungekuwa kutii. Wazee wake wote, walio hai na walio makaburini, wangesema geuza.

"Hapana, mzee."

"Umesema?"

"Nimesema hapana." Sauti ilimtoka ikiwa nyembamba, akaikaza. "Nitakununulia kama yako, na nitaiweka kwa difu, hapo inafaa. Kwa giaboksi siweki. Ukitaka iwekwe, Gichuru yuko, na mafundi wamejaa barabara nzima. Mimi mkono wangu hapana. Na kukudanganya nilikosa. Ningekuambia hivi hivi tangu asubuhi, hata kama ungekasirika."

"Nimekasirika saa hii."

"Najua, mzee."

Mzee alijiburuta akatoka. Mativo alifunga bolti, akaikaza, akapangusa, akashusha gari, naye Gichuru, ambaye kwa kawaida hafungi mdomo hata akiwa na msumari ndani yake, akajifanya anapanga spana. Mzee alivaa koti lenye madoa mapya mgongoni. Akaingia garini, akawasha, akaweka ya kwanza, akasogea, akaweka ya pili. Iliingia na kikwaruzo kidogo tu. Akasimama karibu na barabara bila kuzima injini, akamwita kwa kidole. Mativo alikwenda, akainama dirishani.

"Mtu mkaidi naweza kukaa naye," mzee alisema akitazama mbele. "Hata mama Nyawira anaishi na mmoja. Lakini yule mwingine wa asubuhi, wa chupa tupu, simtaki kwangu. Jumamosi, kabla mtu hajataja mbuzi hata mmoja, wewe mwenyewe utasimama mbele ya baba yako na ndugu zangu, useme ulichonifanyia leo. Chote. Ukikosa kusema, nitasema mimi, na mtarudi na mbuzi wenu."

Hakungoja jibu. Gari likaingia barabarani na kupotea kati ya magari mengine.

Mativo alibaki amesimama. Aliwaza baba yake, mzee Kimanzi, mtu wa kanisa anayemsifia mwanawe kwa kila jirani kwamba hajui uongo, akisikia maneno yale mbele ya ukoo wa watu. Alitamani ardhi ifunguke. Bado alikuwa anatamani hivyo simu ilipotetemeka mfukoni. Alikuwa Nyawira, kutoka kazini kwake mtaa wa Baba Dogo.

"Sasa? Baba ameshakuja?" Alizungumza haraka haraka, kwa furaha yenye wasiwasi. "Niambie tu imeenda poa, tafadhali. Sijafanya kazi yoyote tangu asubuhi. Imeenda poa?"

Poa. Neno dogo, jepesi, na lingemfanya apumue mpaka Jumamosi. Gichuru alikuwa anamwangalia kutoka chini ya kivuli cha mabati, akimtikisia kichwa kwamba ndiyo, sema poa.

"Nyawira," Mativo alisema, "kaa chini kwanza. Nimemdanganya baba yako."

Upande wa pili kulikuwa na mashine zinazonguruma na watu wanaoongea. Kisha mlango ukafungwa, na kelele zikakatika.

"Nimekaa," alisema. "Anza mwanzo."