Herufi Moja Baada ya Kisukari

Kadi ya Tiya Duba ilifika mezani kwa Kagwiria, karani wa hospitali ya Isiolo, saa nne asubuhi, katikati ya ukame wa mwaka 1984. Daktari Kiogora alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kukimbia: Diabetes I. Kisha akapanda Land Rover kwenda kutibu watu wa Merti, na redio ya kumwita huko haikuwa ikishika tangu Jumapili.

Kazi ya Kagwiria ilikuwa kuupa kila ugonjwa namba yake kutoka kitabu kinene alichofundishwa chuoni. Mwanzoni alikuwa akilia kimyakimya nyuma ya kabati. Tangu Juni, surua na kuhara vilipoanza kuleta kadi za watoto kwa mafungu, machozi yalimkauka. Aliandika namba kama mtu anayepukuchua mahindi.

Kadi hii ilimsimamisha. Ile I ingeweza kuwa moja ya Kirumi, yaani kisukari cha aina ya kwanza, namba 250. Mgonjwa angeingia katika orodha ya sindano za insulini za saa sita. Au ilikuwa herufi ya kwanza ya insipidus, ugonjwa adimu wenye kiu isiyozimika lakini usiotoa sukari hata chembe kwenye mkojo. Huo ni 253.5. Mgonjwa wa namna hiyo akidungwa insulini, sukari ya kawaida iliyo damuni mwake hushuka mno, naye huenda asiamke.

"Weka mia mbili hamsini," alisema Bwana Mutuma, mkubwa wake, bila kuinua macho. "Kisukari ni kisukari. Ama siku hizi wewe ndiye daktari?"

"Hapana, bwana."

"Basi. Orodha inangojwa."

Kagwiria alishika kalamu, akaiweka chini. Hakuhisi woga wala huruma. Alisema anakwenda msalani, akaenda wodini.

Tiya, msichana wa miaka tisa kutoka Gotu, alikuwa amekaa kitandani, midomo imempasuka. Mama yake, Qabale, alikuwa akimpepea kwa leso.

"Salaam aleikum, mama," Kagwiria alisema.

"Aleikum salaam. Wewe ndio unaleta maji?"

"Hapana, mama. Nauliza tu. Anakunywa sana?"

"Huyu? Ngamia inapumzika, huyu hapana. Kisima yetu ilikauka, watu wakasema ni Tiya." Alicheka peke yake.

"Na akienda haja ndogo, sisimizi wanakuja?"

Qabale alimtazama upya. "Hapana. Babu yake alikuwa na sukari, sisimizi ilikuja mpaka mlangoni. Ya huyu ni kama maji tu. Hakuna mdudu inakuja."

Muuguzi Ekai alipita na sinia la sindano. "Karani ametoka shimoni! Leo mvua itanyesha."

"Ekai, tafadhali. Chemsha mkojo wa huyu mtoto na ile dawa ya buluu. Kabla ya sindano."

"Yuko kwenye orodha?"

"Bado sijaandika. Bwana Mutuma anataka nimwandike."

Ekai aliacha kucheka. Kukiwa na sukari, dawa ile hugeuka kijani, kisha rangi ya matofali. Walisimama watatu wakiitazama ikitokota. Ilibaki buluu. Ekai akachemsha mara ya pili. Buluu.

Kagwiria alirudi ofisini, akaandika 253.5 kwa wino.

"Nikiulizwa?" Mutuma akamkazia macho.

"Waambie ni mimi."

Saa sita orodha ilisomwa, na Tiya hakuitwa. Ekai alikuja dirishani.

"Sasa hiyo namba yako, dawa yake ni nini?"

"Iko Nairobi. Kwa sasa ni maji. Kadiri anavyotaka."

"Kadiri anavyotaka! Isiolo hii?" Akatikisa kichwa, akaenda kutafuta debe la maji.

Kagwiria alingoja furaha, haikuja. Miguu tu ndiyo ilimuuma. Kutoka wodini alimsikia Qabale akimwambia Ekai, "Ongeza, daktari. Ongeza tu, huyu hajaanza."