Komeo la Ndani

Mama alikubali kuniazima mlango, lakini ufunguo alikataa katakata.

"Mlango beba," aliniambia. "Ufunguo unabaki kwangu. Mtu hupewa vyote viwili akiwa amenunua."

Nilitaka milango ya vibanda vya soko letu lililovunjwa. Nilitaka kuisimamisha ndani ya ukumbi wa sanaa wa manispaa, ipangane kama ilivyopangana sokoni, watu wapite katikati yake. Mama mdogo, aliyekuwa akiuza ndoo kibanda cha pili, alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani sisi tumefukuzwa, halafu milango yetu ndiyo inaalikwa?" Hata hivyo alinipa wake. Wenzao nao wakanipa, na kila mmoja akabaki na ufunguo wake.

Mama alikuwa na desturi yake pale sokoni. Alifika mapema, akaingia, akatia komeo kwa ndani, akapanga vitambaa vyake bila kusumbuliwa. Ungebisha, angekujibu tu, "Subiri, bado napanga." Hakujali wewe ni nani. Mimi mwenyewe nimesimama nje ya mlango ule na sare za shule, nimebeba chai yake, nikisubiri amalize.

Asubuhi ile tingatinga la manispaa lilipokuja alikuwa ndani anapanga. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Ukuta wa nyuma ulipolala ndipo dereva akamwona, amekumbatia majora ya vitambaa, vumbi tupu. Mwilini hakuumia. Lakini tangu siku ile ana neno moja tu, awe anapika au anafua: "Hata kuuliza kama kuna mtu ndani? Hata hilo?" Pale palipokuwa na kibanda chake sasa ni maegesho ya magari ya wageni wa ukumbi wa sanaa. Ndiyo maana niliutaka ukumbi huo na si mwingine.

Mkurugenzi wa ukumbi si mtu mbaya. Ni mwoga tu, na woga wake ameusomea. Aliipenda kazi yangu kwa dhati, akaja kuizunguka kila siku nilipokuwa nikiisimamisha. Mlango wa mama niliuweka mbele kabisa, na fremu yake, nikaziba pande zote mbili kwa mbao. Mgeni akitoka mapokezi hakuweza kuingia ukumbini bila kuupitia; sisi wa kazi tulitumia mlango wa nyuma.

"Nimepata wazo," akaniambia siku moja, macho yanang'aa. "Hatutakata utepe. Mheshimiwa meya ataufungua mlango huu, aingie wa kwanza. Ufunguo uko wapi?"

"Kwa mama."

"Basi tukate hili kufuli, tuweke letu."

"Ukilikata, naondoa kila kitu leo leo."

"Usinitie matatani, dada. Bajeti yetu yote inatoka manispaa. Na haya ndiyo maonyesho yako ya kwanza. Ukiyaondoa hapa, utayapeleka wapi?"

"Hapo nje, kwenye maegesho. Ndiko milango ilikotoka."

Akafikiri, kisha akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu. "Basi mama mwenyewe aje na ufunguo, amkabidhi meya mbele ya watu. Picha itapendeza sana."

Nilimpelekea mama ujumbe ule neno kwa neno, bila kutia chumvi. Nilidhani atanitimua. Aliendelea kukunja nguo zake, akasema, "Mwambie nitakuja."

Siku yenyewe walifika mapema, yeye, mama mdogo na wenzao wote wa sokoni, wamependeza hasa. Mama akautazama mlango wake kutoka juu hadi chini, akaupapasa. Mlinzi akamkimbilia. "Mama, hapaguswi hapo. Kuna tangazo."

"Nisiguse mlango wangu?" Mama akanigeukia. "Mwanangu, huyu mzima kweli?"

Mlinzi akanitazama, nikamwambia amwache. Mama akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akaingia. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakicheka. Mlango ukafungwa, kisha nikasikia mlio ninaoujua tangu utotoni, wa chuma kikiteleza kwenye chuma. Mama alikuwa ametia komeo.

Mkurugenzi akaja mbio. "Mama yako anafanya nini humo?"

"Anapanga."

"Anapanga nini? Meya anashuka kwenye gari! Tumpitishe mlango wa nyuma?"

"Mgeni rasmi apite panapotolewa takataka?"

Akashika kichwa.

Meya akaingia mapokezi na msafara wake na wapiga picha. Alipoelezwa kwamba wenye milango wako ndani, akafurahi, akadhani ni igizo limeandaliwa kwa ajili yake. Akabisha kwa kidole kimoja.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mama.

"Mimi, meya."

"Subiri."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Akasubiri kidogo, akabisha tena, safari hii kwa ngumi. "Mama, tufungulie. Wageni wamesimama."

"Uliza kwanza."

"Niulize nini?"

Kicheko kikakatika. Mkurugenzi akanifinya kiwiko, akaninong'oneza, "Mwambie afungue. La sivyo nayafuta haya maonyesho, na hapa hutakanyaga tena."

Niliogopa, sitasema uongo. Lakini mori ulikuwa umeshanipanda. Nikautoa mkono wake kwenye kiwiko changu, nikasogea mbele.

"Mheshimiwa," nikasema, na nikahakikisha hata waliosimama nyuma kabisa wananisikia, "siku mlipovunja soko, mama yangu alikuwa nyuma ya mlango huu huu. Alipiga kelele. Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu ndani. Ndicho anachotaka uulize."

Wapiga picha wakainua kamera. Meya akanitazama, akamtazama mkurugenzi, akatazama nje kupitia dirisha. Gari lake jeusi lilikuwa limeegeshwa palepale palipokuwa na kibanda cha mama. Nilidhani ataondoka. Angeondoka, ningebomoa ile kazi usiku huohuo na nisingejuta. Lakini kamera zilikuwa nyingi.

"Kuna mtu ndani?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeongea na tai yake.

"Hatusikii!" Huyo alikuwa mama mdogo.

Shingo ya meya ikamvimba. "Kuna mtu ndani?"

"Tupo!"

Walijibu wote kwa pamoja, mbao zikatikisika. Machozi yakanitoka mbele za watu, sikuyafuta. Hilo jibu lilikuwepo tangu asubuhi ile ya tingatinga. Lilikosa wa kuuliza tu.

Meya akashika mlango, akangoja komeo litoke. Halikutoka. Ndani tulisikia viti vikiburutwa, mtu akiomba apishwe, mwingine akicheka.

"Mama?" akaita meya, taratibu sasa.

"Subiri hapo nje," mama akamjibu. "Bado tunapanga."

Meya akautoa mkono wake mlangoni. Akasubiri, na sisi sote nyuma yake.